Kipato cha msingi kwa wote: tuanze na wazee, wote bila kuchagua

Mada ya kipato cha msingi kwa wote, yaani kila mtu kupewa kiasi cha fedha mara kwa mara bila masharti, ikiibuka hapa Moshi, iwe kijiweni au kwenye kikao cha VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hoja ya kwanza huwa ileile: watu wakipewa hela za bure watabweteka. Siikubali hoja hiyo, na ushahidi uko kwa majirani zetu. Katika vijiji vya Siaya na Bomet, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu wazima takriban senti 75 za dola kwa siku. Wapo waliopewa kwa miaka 2, wapo walioahidiwa miaka 12, na wengine wakapewa fedha zote kwa mkupuo. Watafiti, akiwamo Abhijit Banerjee aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2019, walitoa matokeo mwaka 2023. Uvivu hawakuuona. Watu walipunguza vibarua kwenye mashamba ya wenzao, wakaongeza shughuli zao wenyewe. Waliopewa kwa mkupuo walifungua biashara nyingi kuliko wale wa miaka 2, na wengi wa miaka 12 walijitafutia mkupuo wao kwa kucheza mchezo wa kuchangishana na kupokezana fedha kwa zamu, kama wanavyofanya akina mama wauza ndizi wa soko la Mbuyuni.

Kinachonikwamisha mimi ni hesabu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania watu 61,741,120. Mpe kila mmoja Sh 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka zinakwenda kama trilioni 14.8. Bajeti nzima ya serikali mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39. Theluthi ya bajeti iondoke, halafu zahanati ikose dawa na mwalimu akose nyumba? Hapana. Na Sh 20,000 yenyewe haimtoi mtu kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Nahofia hata wakopeshaji hao wangeifanya ndiyo dhamana mpya, washike laini ya simu ya mtu kama wanavyoshika kadi za benki.

Basi tuchague maskini tuwape wao tu? Ndivyo tunavyofanya kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ambao mpango wake wa kunusuru kaya maskini umefikia kaya zaidi ya milioni moja, na wananchi wenyewe hushiriki kuzitambua kaya hizo kwenye mikutano ya vijiji. Ni kazi kubwa na imesaidia wengi. Ila umaskini una namna ya kujificha, na huku Kilimanjaro unajificha vizuri sana. Panda Kibosho au Old Moshi mwezi wa pili, Krismasi imeshapita na magari ya waliokuja nyumbani kwa sikukuu yamesharudi Dar. Utakuta nyumba ya matofali, bati la rangi, madirisha ya alumini, geti la chuma. Ndani yupo bibi peke yake. Nyumba aliijenga mwanawe, pengine marehemu sasa, na waliobaki hutuma hela wanapokumbuka. Bibi anakula ndizi za kihambani, chumvi anaomba kwa jirani. Nani atasimama mkutanoni amtaje kuwa maskini? Yeye mwenyewe hatakubali. Mama wa watu aliyesomesha watoto anyooshe mkono mbele ya kijiji kizima aseme hana kitu? Afadhali alale njaa.

Ndiyo maana naunga mkono neno “wote”, lakini kwa rika moja kwanza. Zanzibar imeonyesha njia: tangu Aprili 2016 inalipa Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kwa fedha za serikali yenyewe, bila kuulizwa ana nyumba ya namna gani. Ilianza na Sh 20,000 kwa mwezi. Umri hauna upendeleo wa mwenyekiti wala aibu ya mkutano. Aliyezaliwa kabla ya mwaka fulani anapokea, basi. Tajiri naye atapata, najua, na hilo linawakera wengi. Mimi naona ni gharama ndogo kuliko kumwacha yule bibi.

Kwake Sh 20,000 ni unga, sukari, sabuni na nauli ya kwenda kliniki ya presha. Sera inasema wazee wasio na uwezo watibiwe bure, lakini bure hiyo haimfikishi mjini.

Huku bara ningeanza na miaka 70 kama Zanzibar, malipo kila mwezi kwenye simu, na ada ya kutoa kwa wakala ilipwe na serikali. Mapato yakiruhusu, tushuke hadi 65. Vijana wenye nguvu wasubiri kidogo. Wao wanahitaji mtaji wa mkupuo, na hilo lina mjadala wake.