Ua la miaka saba na okidi zangu za kwenye viriba

Dada yangu anaishi Ontario, kule Kanada, na kila Mei hunitumia picha ya msitu uleule. Miti ndiyo kwanza inaanza kuchipua, na chini yake pamejaa maua meupe kama mtu ameanika leso. Mwaka huu alipiga magoti akapiga picha moja kwa karibu. Shina moja, majani matatu yamekaa duara, juu yake vijani vitatu vyembamba vyenye ncha, juu kabisa petali tatu nyeupe zenye mikunjo kama za karatasi laini. Wiki mbili baadaye akarudi kwa ua lilelile: lilikuwa limegeuka waridi. Ua la aina hii halinyauki kwanza, linabadili rangi likizeeka.

Jina lake ni triliamu. Jimbo la Ontario lililifanya ua lake rasmi mwaka 1937.

Nikalitaka. Nina bustani ndogo Uyole, Mbeya, na palikuwa na kona chini ya mparachichi ambapo hata maharage yamegoma. Dada akanitania kwa ujumbe wa sauti: "Nikufungie mzizi mmoja kwenye soksi?" Akacheka, lakini mimi kesho yake nilikuwa natifua ile kona. Kisha nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo jembe lilivyozidi kuwa zito. Kwanza, mizizi ya mimea haivushwi mpakani ndani ya soksi. Kuna kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Pili, triliamu inataka kulala kwenye udongo wenye baridi kali kwa miezi. Sisi watu wa Mbeya tunajisifia baridi, na kweli kipupwe cha Juni na Julai kinaunguza majani ya viazi kwa jalidi, lakini ikifika saa nne asubuhi jua limeshatoka na mtu anavua sweta. Kwa triliamu hiyo si baridi, ni kusinzia tu.

Kilichonikamata zaidi ni mwendo wake. Mbegu ikidondoka inakuwa na kipande kidogo cha mafuta ubavuni, na sisimizi hukipenda. Wanaibeba mpaka shimoni kwao, wanakula kile kipande, mbegu wanaitupa kwenye takataka zao, na hapo ndipo pazuri pa kuota. Kipindi cha baridi cha kwanza kinapita, inatoa kimzizi tu, juu huoni kitu. Mpaka baridi ya pili ipite ndipo linachomoza jani, na ni moja, jembamba, la kupita bila kutazamwa. Miaka inakwenda na jani moja moja. Kisha matatu. Ua la kwanza huja kwenye mwaka wa saba hivi, mara nyingine hata wa kumi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku mbegu ile inaota anaweza kumaliza la saba ua halijafunguka.

Na majani yale matatu ndiyo jiko lote la mmea kwa mwaka mzima. Ukichuma ua pamoja na majani yake, umezima jiko. Mmea hautoi mengine mpaka mwaka unaofuata, na pengine hautoi kabisa. Kwa hiyo watunza bustani wa huko wanaojali hununua miche iliyooteshwa kwa mbegu, wanaipanda chini ya miti inayopukutisha majani, wanaiachia matandazo ya majani yaliyooza, halafu wanaondoa mikono. Tena wanauliza swali moja ambalo nimelipenda: mche huu umeoteshwa kitaluni, au umekuzwa tu kitaluni? Maana kuna wanaoung'oa porini, wanauweka kwenye kopo msimu mmoja, basi unauzwa kama wa kitaluni.

Hapo nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mnunuzi wa aina hiyohiyo.

Miaka michache nyuma, Januari, nilikuwa narudi kutoka upande wa Chimala. Vijana barabarani walikuwa na okidi kwenye viriba vyeusi, zile za waridi za jamii ya Satyrium, maua yamepangana kwenye bua moja kama punje za mtama, na kila kiua kina vimkia viwili nyuma. Nikauliza wamezitoa wapi. Wakasema nje ya hifadhi ya Kitulo, kule mlimani. Sikuuliza tena, maana jibu hilo ndilo nililolitaka. Nikanunua sita, nikazibeba nyuma ya gari kama mayai. Nyumbani nikazipanda vizuri, nikaziwekea samadi ya kuku, nikidhani ndiyo mapenzi. Zilisimama wiki moja. Novemba iliyofuata mvua ikaanza, mahindi ya jirani yakaota, kwangu kimya. Nikafukua. Viazi vyake vilikuwa vimenywea kama vile tunavyovikuta nyuma ya jiko baada ya miezi.

Sasa naelewa. Okidi hizi za ardhini hubeba viazi viwili: cha zamani kinacholisha ua la mwaka huu, na kipya cha mwakani. Mbegu zake ni vumbi, hazina akiba ya chakula, zinahitaji fangasi wa udongoni ndio ziote. Samadi yangu ya kuku haina habari hiyo. Ukiihamisha okidi umeitenga na jamaa zake wote wasioonekana.

Wapo wanaozichimba kwa sababu nyingine kabisa, ya tumbo. Viazi hivyo vinasagwa pamoja na karanga na kupikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na biashara yake inapita Tunduma. Wachimbaji wanakitaka kile kipya, kigumu, yaani mwakani wenyewe. Simlaumu sana mtu wa Makete anayechimba apate ada ya mtoto. Namlaumu zaidi mtu kama mimi, mwenye gari na mshahara, anayeng'oa ua ili alitazame siku saba akinywa chai.

Wala si kwamba hatuna pa kuyatazama. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Lakini waulize majirani zako hapa mjini nani amewahi kwenda kule kati ya Desemba na Aprili, maua yakiwa yamechanua. Tunakwenda harusi Dar es Salaam kwa basi la usiku kucha, Kitulo tunaisikia kwa wageni. Najua barabara ile ya kona hamsini na saba kutoka Chimala si ya utani mvua ikinyesha. Hata hivyo.

Maoni yangu ni hayo: ua linalochelewa liachwe lilipo, mtu alifuate. Dada hupiga magoti msituni, harudi na kitu. Kwa nyumbani tuoteshe yanayokubali, na huku kwetu hayakosi. Kuna gladiola ya porini ya rangi ya chungwa, inazaa vitunguu vidogo yenyewe. Kuna lile ua refu kama mwenge, jekundu juu na njano chini, linaloota kwenye mabonde yenye maji. Kitaalamu ni Kniphofia. Nilichukua mbegu za hilo kwenye shamba la shemeji yangu, kwa ruhusa yake, mashina ya mama yakabaki palepale. Nilizimwaga kwenye beseni lililotoboka, nikaweka kwenye ile kona ya mparachichi.

Zimeota. Ni vijani vyembamba kama sindano, na hadi maua itakuwa miaka miwili au mitatu. Juzi jirani yangu, mama mmoja wa Kinyakyusa ambaye kila siku ananiuliza magugu yangu nitayang'oa lini, aliinama juu ya beseni akalitazama kwa muda.

"Baba, hivi ni vitunguu?"

"Hapana mama, ni maua."

"Ndaga," akasema, yaani asante, akajiinua taratibu akishika kiuno. "Maana kama ni vitunguu, vimedumaa."