Mume yuko Mbagala, shamba liko Songea, mkulima ni nani?

Jirani yangu hapa Mbagala ni saidia fundi, mkewe na watoto watatu wako kijijini huko Songea wanalima mahindi. Juzi jioni tumekaa barazani simu ikaita, akaweka spika maana mkono umejaa ugali, mkewe anaongea harakaharaka, "Baba Neema, mbolea imefika kwa wakala ila wanataka ile namba ya ruzuku, nitumie leoleo, kesho sitaikuta." Jamaa akaanza kupekua meseji, za mikopo, za kubeti, za bando, dakika ishirini nzima haioni, ugali ukapoa.

Kwa wasiojua, tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku anauziwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo, namba yake inaingia kwenye simu. Aliyesajiliwa pale ni baba. Yani mkulima yuko Dar anachanganya zege, anayeshika jembe hana namba.

Watu wanabishana sana kama mwanaume kuiacha familia shamba akaja mjini ni kutafuta au ni kutelekeza. Wanaotetea wana hoja nzito na mi nawaelewa. Songea mvua ni msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, ukishavuna mwezi wa sita wa saba huko hakuna kazi ya maana mpaka kuandaa shamba tena, sasa ukae unaangalia nini? Halafu asiye na hela nyingine anauza mahindi palepale yakitoka shambani, bei ya kutupa, ada na madeni vinamsubiri, ikifika Januari anayanunua yaleyale kwa bei ya kulia. Kibarua cha Dar kinamwezesha kuyaacha ghalani. Na kutuma hela siku hizi si shida, kabla ya M-Pesa kuja 2008 wengi walikuwa wanampa kondakta bahasha na kuomba Mungu.

Upande wa pili ukiwasikiliza wengi wanaishia kwenye michepuko na nyumba ndogo. Yapo hayo, ila na mume wa kijijini naye anachepuka, tusidanganyane.

Mi nataka tupige hesabu. Jamaa analipwa elfu 15 kwa siku, mwezi ukiwa mzuri anapata siku 18, hiyo ni 270,000. Chumba 40,000, chakula na daladala elfu sita kila siku ni 180,000, kinabaki 50,000 hajaumwa wala hajachangia msiba. Kuanzia Julai mpaka Novemba hiyo hamsini ni faida tupu. Ikifika Januari inarudi kijijini kulipa vibarua wa palizi, kazi ambayo angekuwepo angeipiga mwenyewe! Kwa hiyo kuja mjini kiangazi naunga mkono, kukaa masika yote naona ni mazoea na aibu ya kurudi mikono mitupu.

Ila kinachoniuma zaidi ni maamuzi. Mtu anaondoka na kila kitu kichwani, mama akitaka kuuza mbuzi apige simu, akitaka kukodisha nusu eka apige simu, na mwenye simu yuko juu ya jukwaa ghorofa ya tatu hasikii. Wakati Mahakama ya Rufani tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilishakubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, sasa huyu anayelima kabisa anaombaje ruhusa ya mbuzi?

Nikamuuliza, si msimu ujao mama Neema ajisajili mwenyewe kwa laini yake? Akacheka, "Kaka, unataka nikirudi nikute mimi ndo kibarua?"

Utani huo, ila mpaka tunaagana namba alikuwa bado hajaituma.