Wajerumani hawatuzidi usafi, wanatuzidi ankara

Sisi tunaoishi nje tuna tabia inayowachosha ndugu zetu. Tukishatua Uwanja wa Nyerere, kabla hata gari halijafika Tazara, tumeanza hotuba: kule kwa wenzetu hukuti karatasi barabarani, kule taka zinatenganishwa, kule watu wamestaarabika. Hotuba hiyo nimeisikiliza sana kwenye vikao vya Watanzania hapa Ujerumani, harusini na misibani, na kila nikiisikia naona inakosea pale pale. Inasifia ustaarabu. Mimi ni mtu wa kiwandani, na ninachokiona kila siku ni hesabu.

Kiwanda chetu kinakereza vipuri vya pampu. Mashine zinakata usiku na mchana, na zikikata zinatema nyuzi za chuma zilizojikunja, zenye makali ya kuchana kiganja, zimelowa maji ya kupozea yaliyochanganywa na mafuta. Alumini ina pipa lake, shaba pipa lake, chuma cha pua pipa lake. Mgeni akimwaga chuma kwenye pipa la alumini atafokewa kweli kweli, na katika kufokewa huko hatasikia neno mazingira hata mara moja. Atasikia kwamba mnunuzi akikuta mchanganyiko anashusha bei ya pipa zima. Pembeni kuna mashine inayozikandamiza nyuzi ziwe vitofali vya mviringo, saizi ya kopo la maziwa. Maji yanayokamuliwa yanachujwa na kurudi kazini, vitofali vinapanda lori kwenda kuyeyushwa. Hata matambara ya kufutia mafuta ni ya kukodi: lori la kampuni ya kufua huja kuchukua machafu na kuacha masafi.

Kuna kona nyingine nyuma ya jengo ambayo haiingizi senti, inakula tu. Huko kunakaa tope la mashine, dawa za kuoshea vipuri na makopo ya rangi. Tangu 2010 safari ya taka hatarishi hapa inaandikwa kwenye mfumo wa kielektroniki: nani kazitoa, nani kazibeba, nani kazipokea, na wote wametia saini. Lori kutoka getini hakukuondolei wajibu. Sheria inakushikilia mwenye taka mpaka zitakapomalizwa kihalali. Nyingine haziteketezeki. Hizo zinaweza kuishia Herfa-Neurode, jimbo la Hessen, kwenye mgodi wa chumvi uliogeuzwa ghala la sumu tangu 1972, mamia ya mita chini ya ardhi. Pipa kushushwa huko si bure, na ankara inakuja kwa bosi. Ndiyo maana wahandisi wetu wanakuna vichwa kutafuta dawa ya kuoshea isiyo na sumu au namna ya kuchuja maji yale yale mara nyingi zaidi. Kila pipa lisilojaa ni pesa iliyobaki ndani.

Sasa twende nyumbani, Keko, Dar es Salaam. Nina binamu yangu seremala pale. Asubuhi akiranda mbao, maranda hayamalizi siku sakafuni: wafugaji wa kuku wanakuja na viroba vyao kutoka Kitunda na Gongo la Mboto. Vipande vya mbao vinabebwa na mama lishe kwa ajili ya jiko. Misumari iliyopinda inanyooshwa na kijana wa kazi, ikishindikana inaingia kwenye ndoo ya skrepa. Kopo tupu la vanishi linaoshwa, linakuwa kipimo cha kitu kingine. Kwa upande huu bosi wangu wa Ujerumani angekuja Keko kujifunza, na angejifunza bila mhandisi wala bango ukutani.

Ila jioni ikifika, thina iliyooshea brashi, nyeusi ti, inamwagwa mtaroni. Hakuna anayeinunua na hakuna anayedai senti kwa kuimwaga.

Karakana hiyo moja ndiyo nchi nzima. Chenye mnunuzi hakitupwi Tanzania. Mashudu ya pamba na alizeti yanakwenda kwa ng'ombe, pumba kwa kuku na nguruwe, machicha ya bia yanapangiwa foleni na wafugaji wa mjini. Pumba za mpunga zinachoma matofali. Viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wao, na molasi inageuzwa spiriti. Tanga, singa tunayoisifia ni asilimia chache tu ya jani la mkonge. Yanayobaki chini ya korona, ile mashine ya kutoa singa, yamekuwa yakirundikwa au kutiririshwa mtoni miaka nenda rudi, ndipo pale Hale ukajengwa mtambo wa kuyageuza gesi na umeme. Mtu asije akatufundisha neno urejelezaji kana kwamba ni bidhaa ya kutoka Ulaya.

Shida yetu iko kwenye kisicho na mnunuzi. Maji ya rangi ya viwanda vya nguo, maji yenye kromiamu ya viwanda vya ngozi, asidi ya betri: vyote hivi vinatafuta mteremko, na Dar es Salaam mteremko unaitwa Msimbazi. Mto unaanza milima ya Pugu, unapita katikati ya makazi na viwanda, unamwaga baharini karibu na daraja la Salenda, na njiani unamwagilia mchicha tunaokula. Watafiti wameupima mchicha huo mara kadhaa na kukuta metali nzito. Tumesoma, tumeguna, tumeendelea kuununua.

Kabla hujasema "ndiyo Waafrika tulivyo", ngoja nikupe habari za mto Rhine. Miaka ya 1970 Wazungu wenyewe waliuita mfereji wa majitaka wa Ulaya. Novemba 1986 ghala la kemikali la Sandoz, karibu na Basel huko Uswisi, liliwaka moto. Maji ya kuzimia yakasomba tani za viuatilifu hadi mtoni, mto ukawa mwekundu, na mikunga wakafa kwa maelfu kuelekea chini upande wa Ujerumani. Mei 1988 Klaus Töpfer, waziri wa mazingira wa Ujerumani Magharibi, alijitosa kwenye Rhine mbele ya wapiga picha na kuogelea, kuonyesha kwamba mto unapona. Mtu huyo huyo baadaye alihamia kwetu: aliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, Nairobi, kuanzia 1998 hadi 2006. Sijasikia kwamba aliogelea Mto Nairobi, na simlaumu.

Kilichousafisha mto huo ni mambo mengi, lakini moja ndilo ninalotaka tuliibe. Mwaka 1976 Wajerumani walitunga sheria ya tozo ya majitaka, wakaanza kuitoza 1981. Anayemwaga majitaka mtoni analipa kufuatana na sumu iliyomo. Gramu 20 za zebaki zinahesabiwa kipimo kimoja cha tozo. Gramu 500 za kromiamu au za madini ya risasi ni kipimo kimoja. Kila kipimo leo ni euro 35.79, na halmashauri za miji nazo zinalipa kama viwanda. Utamu wenyewe uko hapa: ukijenga mtambo unaopunguza mzigo huo kwa asilimia 20 au zaidi, gharama zake unaruhusiwa kuzikata kwenye tozo ya miaka 3 kabla haujawashwa. Yaani serikali inakwambia, hela hii unaitoa tu, chagua mwenyewe kama unanipa mimi au unanunua mtambo.

Linganisha na mtindo wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, ipo, na kanuni za taka hatarishi zimeandikwa na kuandikwa upya. Ila tunachokisikia kwenye taarifa ya habari ni faini. Wakaguzi wamekwenda na kamera, kiwanda kimepigwa faini, kimefungwa, kimefunguliwa. Faini inamkuta mtu siku ya ukaguzi. Siku nyingine zote kumwaga kimyakimya ni bure. Mfanyabiashara mwenye akili timamu atafanya hesabu na kuiweka faini kwenye gharama za kawaida, pamoja na dizeli ya jenereta.

Nisiwapake Wajerumani mafuta kwa mgongo wa chupa. Sehemu kubwa ya plastiki wanayoitenganisha kwa heshima zote inaishia kwenye tanuri. Nyingine walikuwa wakiisafirisha China, na China ilipofunga mlango 2018 marobota yakaonekana Malaysia na Uturuki. Nguo tunazoziona wakizitumbukiza kwenye masanduku ya msaada, baadhi tutakutana nazo kwenye mitumba ya soko la Karume. Kwa hiyo wao pia, pakipatikana mteremko, wanateremsha. Tofauti ni kwamba ndani ya nchi yao mteremko umewekewa geti na mtu wa kukata tiketi.

Na neno urejelezaji lisitulevye. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliumizwa na kiwanda cha urejelezaji. Kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, alikuja kugundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana sumu ya madini hayo ya risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwishoni mwa 2024. Betri ile ilikuwa na mnunuzi mzuri tu. Moshi na vumbi lake ndivyo havikuwa na bei, wakaja kuvilipia watoto.

Najua nitajibiwa kwamba tozo itafukuza wawekezaji. Bosi wangu analalamika kila mwaka kuhusu gharama hizi, na kila mwaka anaagiza mashine mpya. Jibu linaloniumiza kichwa zaidi ni la binamu yangu. Nilipomwambia kwamba kumwaga thina kunatakiwa kulipiwe, aliniuliza: "Sawa kaka, nikishalipa naipeleka wapi?" Hilo ndilo swali. Ukimtoza mtu pesa bila kumwonyesha mahali pa kupeleka, atasubiri usiku uingie. Hapa kwangu kuna kituo cha manispaa ambapo mtu wa kawaida anaacha kopo la thina, na fundi mwenye karakana analipa kidogo kwa uzito. Keko, pamoja na maseremala wote wale, pipa moja lenye kufuli na mtu wa kulichukua lingetosha kuanzia.

Viwanda vikubwa navyo vina nafasi yao sasa hivi. Mkuranga, Kibaha na Kwala, mkoani Pwani, vinajengwa kwa kasi, na mwekezaji anakuja kuulizia umeme, maji na barabara. Mtambo wa pamoja wa majitaka unaingia kirahisi kabla kuta hazijapanda, na mita ya kupima kinachotoka inafungwa siku moja na mita ya kupima kinachoingia. DAWASA, mamlaka ya maji, wanajua kusoma ile ya kuingia kila mwezi bila kukosa. Waongezewe na ya pili.