Joto la bahari likipimwa na wenyeji, data inakuwa ya nani?

Kila nikisikia wanasayansi wameungana na jamii asilia kupima joto la bahari huwa najiuliza kitu kimoja tu, nani kaamua kipimwe nini? Hapo ndo utajua kama ushirikiano upo kweli au ni picha za kupamba ripoti.

Hitaji lenyewe halina ubishi. Bahari imemeza kama asilimia 90 ya joto la ziada la dunia, na vile vifaa vya Argo, mtandao wa kimataifa wa vipima-bahari vinavyoelea, karibu 4,000, vinazama hadi mita 2,000 huko bahari kuu, ila kwenye maji mafupi ya pwani na chini ya barafu ni shida, na huko ndo watu wanakoishi. Mwaka 2006 na 2007 wanasayansi waliwafunga senso (vifaa vya kupimia) nyangumi aina ya narwhal huko Greenland, wawindaji Wainuit, wenyeji asilia wa kaskazini kwenye barafu, wakisaidia kuwakamata, nyangumi wakapiga mbizi zaidi ya mita 1,700 na kuleta vipimo vya Baffin Bay, bahari iliyo kati ya Greenland na Kanada, wakati wa baridi ambako meli ni taabu kupita. Kazi safi, lakini kwa ninavyoona swali lilikuwa la wanasayansi, wenyeji walitoa ujuzi na mikono.

Sasa angalia SmartICE, mradi wa kupima barafu ya bahari wa Nunatsiavut, eneo la Wainuit huko Kanada. Baridi ya 2009/2010 barafu ya bahari iligoma kuganda vizuri, watu wakawa wanatumbukia, ndo watu wa Nain, mji wa hukohuko, na chuo kikuu cha Memorial wakaja na hii: senso inapanda sleji inayovutwa na pikipiki ya theluji na kusoma unene wa barafu njia nzima, halafu kuna boya lina vipimajoto vimepangwa kuanzia hewani, theluji, barafu mpaka majini. Waendeshaji ni wenyeji, na majibu yanamsaidia mtu anayetaka kutoka kuwinda wiki hiihii.

Wanasayansi nao wana hoja, tusiwaonee. Joto la bahari linataka rekodi za miaka mingi, kifaa kimekaguliwa, data iwe wazi, maana kila jamii ikifungia yake kabatini modeli za kompyuta za kukadiria hali ya bahari zinabaki na matobo. Ila ramani ya mnapovua ikishatoka nje hairudi, kesho kampuni iko mlangoni, ndo maana First Nations, jamii nyingine asilia za Kanada, wana kanuni zao za OCAP zinazosema data yao ni mali yao na wao ndo waamuzi wake, na mwaka 2018 Inuit Tapiriit Kanatami, chama cha kitaifa cha Wainuit wa Kanada, walitoa mkakati wa utafiti wakidai kauli kwenye pesa na data. Mi naona namba za joto zitoke, maeneo ya kuvulia na maelezo ya wazee yabaki kwa jamii, na hilo linawezekana kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni fungu la pesa, kwa sababu miradi mingi ni ya miaka michache wakati joto ni habari ya miongo, sasa fungu likikata senso ipo, spea hakuna, na kijana aliyefundishwa kuisoma ameshahamia kazi nyingine.