Ukuta Una Tumbo, Tumbo Limejaa Takataka

Hivi nani alimwambia mwashi wa Uingereza kwamba ukuta ni jalala?

Nyumba nyingi za kule, hasa za kuanzia miaka ya 1930, zina kuta mbili zilizosimama sambamba, katikati uwazi wa milimita 50 hivi. Uwazi huo una kazi moja tu: kuwa wazi. Mvua inalowesha ukuta wa nje, maji yanatiririka kwa upande wake wa ndani mpaka chini, ukuta wa sebuleni unabaki mkavu. Kazi ya kutokufanya kitu! Hata hiyo imewashinda. Udongo wa saruji ukidondoka mwikoni, uende humo. Nusu tofali, humo. Kipande cha ubao, humo humo. Rundo likipanda kupita tabaka la kuzuia unyevu, ambalo hulazwa walau milimita 150 juu ya ardhi, maji yamepata daraja. Yanavuka, lipu inabambuka juu ya skatingi, ule ubao wa chini ukutani, na wageni wanauliza hii harufu ni ya nini.

Hapo ndipo anapojitokeza bwana wa kipima unyevu. Anakichomeka kwenye lipu, kinalia pii! Basi, unyevu unapanda kutoka ardhini, lete pesa. Kumbe kipima chenyewe hulia hata kwa chumvi iliyoganda kwenye lipu. Atatoboa matundu ya milimita 12 kila baada ya milimita 120, ajaze krimu ya silikoni, aondoke. Krimu iko chini, maji yanakatiza juu yake kwenye kifusi. Sasa imezuia nini?

Kabla ya kumlipa mtu, toboa tundu moja kwenye kiungo cha saruji, usiguse tofali, upenyeze kamera ndogo ya waya. Ukiona kifusi, shida unayo mkononi. Ukiona uwazi mtupu na doa huwa baya zaidi ukipika kuliko mvua ikinyesha, huo ni mvuke wa ndani: fungua madirisha, uache kusumbua matofali ya watu. Na kama uwazi umejazwa sufi au punje za kuzuia baridi, usithubutu: tofali moja likitoka, punje zisizogandishwa zinamwagika mpaka kwa jirani. Hiyo ni kazi ya wenye mashine zao.

Kusafisha kwenyewe hakuna ufundi wa kujivunia, ni uchafu tu. Unatoa tofali moja moja la nje, chini kabisa, kila baada ya mita moja, kwa sababu chuma chenye ncha iliyopinda kinakomba kama nusu mita kila upande. Pembe za nyumba usiziruke, huko ndiko kulikojaa. Toboa kiungo kwa drili matundu mengi yaliyokaribiana, kisha tindo na nyundo taratibu. Mwenye haraka huleta grainda, akakata tofali la jirani na tabaka la kuzuia unyevu kwa mpigo mmoja. Usitoe mawili yanayofuatana. Ukuta hauna subira hiyo.

Halafu kuna madoa ya juu, yale ya duara katikati ya ukuta yanayomfanya mtu alaumu bomba. Vile vyuma vinavyoshika kuta mbili vina kikunjo katikati ili tone lidondoke. Udongo ukigandia pale, tone linavuka. Bandua huo kwanza, polepole bila kukitingisha chuma, ndipo ukombe chini. Wengine huanza chini, wakirudi juu kifusi kinaporomoka upya, wanaapa ukuta umerogwa.

Komba mpaka chini ya tabaka. Nyumba ikijengwa sawasawa uwazi hushuka milimita 225 zaidi. Maliza kwa mashine ya kufyonza, pitisha kamera tena, rudisha matofali. Na tafadhali, udongo wa kurudishia usiudondoshe mle ndani!

Rangi isubiri. Ukuta hukauka kama milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo wa milimita 100 ni miezi minne ya kutazamana nao. Lipu iliyoshiba chumvi kwangua, maana haitakauka hata ukiiombea dua. Kifusi nacho kina masharti: huko England, mwenye nyumba aliyejifanyia mwenyewe hukitupa kwenye jalala la halmashauri bure, viroba viwili vya lita 50 kwa safari, safari nne kwa wiki nne. Mwashi yeye alikitupa chote siku moja, bila kiroba.