Bastola yangu ibaki Texas

Watu wa nyumbani wakisikia una bastola, maswali ni mawili: unamwogopa nani, na utatuletea lini. Shemeji yangu wa Kiamunyi, Nakuru, ni wa swali la pili. Wezi wamewasumbua mtaani kwao, naye anaona mimi huku Texas nimeshapata dawa.

Sijapata. Nilicho nacho ni Tokarev iliyotengenezwa Romania miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi, ikakaa ghalani, halafu ikauzwa Marekani. Inabeba risasi 8 za milimita 7.62. Warusi waliibuni bila kitufe cha usalama. Kilichoko ubavuni mwa yangu kiliongezwa na waagizaji kwa sababu ya sheria ya silaha ya Marekani ya 1968, na kinaonekana kama kiraka. Ukifyatua, mlio unapasua masikio, moto unatoka mdomoni mwa mtutu, na ganda la risasi likikuangukia ndani ya ukosi utacheza bila ngoma. Risasi za zamani za jeshi huacha chumvi ndani ya mtutu, kwa hiyo jioni hiyohiyo unauosha kwa maji ya moto na sabuni, unaukausha, unaupaka mafuta. Ukiahirisha, unakuta kutu. Kazi hii naipenda kuliko kufyatua kwenyewe.

Kuinunua? Nilijaza fomu, muuzaji akapitisha jina langu kwa FBI, nikalipa. Si lazima uwe raia. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Na tangu Septemba 2021 Texas haidai hata leseni ya kubeba bastola, mradi sheria haikukatazi kuwa nayo. Urahisi huo ndio unaonitia hofu: dereva anayenipigia honi kwa hasira huenda naye alijaza fomu ileile.

Nyumbani Kenya ni kinyume. Uende kwa Bodi ya Leseni za Silaha, ueleze unaitakia nini, uchunguzwe. Mlolongo huo siulaumu hata kidogo. Kinachoniudhi ni mwisho wake: mguu wa kuku unaishia kiunoni mwa mheshimiwa na tajiri, kisha tunasikia umelia kwenye baa. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya, jambo zuri. Ila shemeji, fundi wa magari, hata mlangoni pa ofisi hiyo hatafika.

Na hata akipewa? Mimi nikiwa kwenye uwanja wa shabaha, mchana, mita 15, hakuna anayenikimbiza, bado risasi nyingine zinaikosa karatasi. Yeye atafyatua gizani, watoto wakiwa chumba cha pili, na majirani ng'ambo ya ukuta wa mabati ambao risasi ya Tokarev hata haiuhesabu. Tena mwizi akinusa kwamba kuna bastola, atakuja kuifuata hiyohiyo.

Mimi ningeongeza sharti moja tu kule: kila mwaka mwenye leseni, awe mbunge awe nani, asimame apige shabaha mbele ya mashahidi. Akiikosa, arudishe bastola yake ya Ceska kituoni.