Kidole gumba kimetii sumaku

Jana kidole gumba changu cha kulia kiliruka chenyewe, nikacheka mpaka daktari wa huku ugenini akasimamisha mashine. Wenzangu wenye Parkinson, ugonjwa huu wa ubongo unaotutetemesha na kutukakamaza, mtanielewa: mwaka wa nne huu nakibembeleza kifunge vifungo vya shati, hakinisikii. Sumaku imekigonga mara moja tu, kimetii.

Inaitwa TMS, kuuchochea ubongo kwa sumaku kutoka nje ya kichwa. Hakuna kisu wala kunyolewa. Unawekewa kichwani koili, waya uliozungushwa, yenye umbo la 8, unazibwa masikio maana inalia tak-tak-tak kama rula mezani. Sumaku inapenya fuvu, inaamsha umeme kidogo kwenye ubongo. Kidole kikiruka, wanajua wamepapata, na nguvu wanaipimia hapo. Si uchawi wa juzi. Mtafiti Anthony Barker na wenzake walishaionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985.

Ila kilichoniandikisha haya ni daktari. Nilimuuliza, itanisaidia? Akasema, "Sijui." Kavu kabisa. Kwa sonona Marekani waliiruhusu tangu 2008, lakini kwetu tunaotetemeka na kukakamaa matokeo bado yanapanda na kushuka, kwa hiyo levodopa, dawa yangu ya Parkinson, nisithubutu kuiacha. Tena, kwa kuwa huu ni utafiti, huenda nikapangiwa koili bandia, inayolia bila kuchochea chochote, na atakayenipima asijue nimepata ipi.

Nyumbani nani alishawahi kutuambia "sijui"?

Haya, nawasikia: "Kavuka mpaka, sasa anatudharau." Tulieni kwanza. Aliyeugundua ugonjwa wangu ni daktari wa nyumbani, bila mashine yoyote. Alinitembeza kwenye korido, akaona mkono mmoja haupepei, akaniambia nigonganishe gumba na kidole cha shahada, akautaja. Bingwa wa huku alifanya hayo hayo, akafika pale pale. Macho tunayo, tena makali! Ndiyo maana naumia zaidi, kwa sababu daktari yule yule alinishika bega akasema, "Utapona." Parkinson haina dawa ya kuiponya, ati nipone! Na mimi nikakaa nasubiri.

Mwingine atauliza kama nimesafiri kote huko ili nikatapeliwe na koili bandia. Labda. Lakini nimeambiwa kabla, nikasaini. Wewe uliyeuziwa bangili ya sumaku, uliambiwa kwamba sumaku iliyotulia haizalishi umeme wowote mwilini? Ni lazima ibadilike kwa kasi. Muuzaji alikuambia?

Jana walikuwa wanapima tu, tiba yenyewe inaanza kesho. Leo asubuhi shati limenichukua dakika kumi na moja, kama kawaida.